Hodi Kwenye Jumba la Kufulia

Sydney ilipofungwa mara ya pili kwa sababu ya korona, mimi nilikuwa miongoni mwa wachache walioruhusiwa kutoka mtaa wetu wa Cabramatta kwenda kazini, kwa kuwa nilikuwa natunza wazee majumbani. Kila asubuhi nilipanda treni tupu hadi Lidcombe, kibali kwenye simu, barakoa usoni, helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mapaa. Niliichukia ile helikopta. Nimekulia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, na kitu chochote kinachozunguka juu ya vichwa vya watu hunifanya nitafute viatu vyangu.

Bibi niliyekuwa namtunza alitoka kisiwa cha Sisilia, Italia, katika mji mdogo wa pwani ya Mediterania wenye kanisa kubwa la mawe lililojengwa karne nyingi zilizopita. Alikuwa amekata tiketi ya kwenda kuuaga mji wake, ndege zikasimama. Na huku macho yake yanakufa. Katikati ya kila alichokitazama palikuwa na doa, na doa lilikuwa linakua. Miadi ya sindano za macho ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena. Alitaka kitu kimoja tu kabla giza halijafunga: kuliona jumba la kufulia la kale, lililo chini ya usawa wa barabara, ambamo mama yake alikuwa akifua nguo.

Basi tukawa tunasafiri kwa tableti. Kuna ile ramani yenye picha za barabarani, unagusa mshale na picha inasogea kana kwamba unatembea. Nilimkalisha jikoni, tableti nikaiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya zeituni, mimi nikasimama nyuma yake nikigusa mishale. Kukaa siwezi. Hata chai nainywa nikiwa nimesimama. Miezi ile tabia hiyo ikazidi, kwa sababu na mimi nilikuwa na safari iliyovunjika, ya kwenda kumwona mama yangu ambaye bado yuko kambini, na kila nilipotulia nilimwaza.

Tulianza na kanisa. Minara miwili, mitende, uwanja mpana usio na mtu. Tulipofika mlangoni nikasema, "Hodi." Nikasema tena. Baada ya mara ya tatu nikageuza picha, tukaanza kurudi mtaani.

"Mbona tunarudi?" bibi akauliza.

"Hawajaitika, Mama."

Alinitazama kwa pembe ya jicho, maana ndiyo iliyobaki. Ikabidi nimweleze kwamba kwetu huingii kwa mtu bila kubisha, na ukipiga hodi tatu ukakuta kimya, unaondoka zako. Akasema nyumba ya Mungu mlango wake hauna haja ya kubishwa. Nikamwambia mimi kwa mwenye nyumba mkubwa namna hiyo ndiyo kabisa siingii kiholela. Alicheka hadi akakohoa, na siku zile kikohozi cha mzee kilimtoa mtu jasho. Nilimletea maji.

Tangu hapo akajipa kazi ya kuitika, kwa neno nililomfundisha. Tulipofika kwenye jumba la mtawala wa zamani, lenye madirisha ya matao, nilipiga hodi naye akajibu kutoka kitini pake, "Garibu." K ilimshinda. Tulipita lango la mji, tukaufuata ukuta unaotazama bahari, yeye akiyataja mawe kama mtu anayetaja majirani zake. Mimi mawe yale yalinikera, na nitasema kwa nini. Sijawahi kuishi kwenye nyumba iliyonizidi umri. Kambini tulijenga kwa tope, mvua ikabomoa, tukajenga tena, na kuona mawe yaliyokaa mahali pamoja miaka yote hiyo bila mtu kuyahamisha kulinitia wivu. Niliwahi kuitafuta nyumba ya mama yangu kwenye ramani ileile. Gari la kamera halikuwahi kufika kule. Palikuwa na rangi ya kijani tupu.

Kila safari iliishia palepale. Mtaa wa jumba la kufulia tuliupata, ngazi za mawe meusi za kushukia tukaziona kwa juu, na hapo mshale ukakoma. Napiga hodi, anaitika, nagusa, picha inaruka na kututupa mbele ya duka la aiskrimu. Kila asubuhi, duka la aiskrimu. "Leo wamefungua?" ananiuliza kabla sijavua koti. Na doa linakula. Kwanza aliacha kuiona minara, halafu milango, halafu akawa ananiuliza mimi tumefika wapi. Nilikuwa na hasira na ile ramani, na kliniki ya macho, na ngazi zenyewe.

Siku moja nilikuwa nasubiri maji yachemke, na vidole vyangu havijui kusubiri. Nikagusagusa ovyo pembeni mwa picha, kwenye kidoti nilichokuwa nakidharau siku zote. Tukashuka. Kumbe msafiri fulani alipiga picha akiwa chini kabisa, akaiweka pale. Mabeseni ya mawe, matao, vichwa vya simba ukutani vinatema maji.

"Mama, tumefika."

Alisogeza uso hadi pua ikagusa kioo. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akijaribu kulikwepa doa lake. Nikaikuza picha, nikaongeza mwanga.

"Naona weupe," akasema. "Weupe tu." Akakunja mikono mapajani.

Nilitaka kutoka nje nikatembee hadi miguu ife ganzi. Badala yake nikavuta kiti, nikakaa, nikaanza kumweleza kilichopo: simba upande huu, beseni upande ule.

"La mama ni la mwisho," akanikatiza. "Kule kwenye kona. Maji yake ni barafu."

Hapo nikainuka. Nikamshika mkono, tukaenda chumba cha kufulia nyuma ya nyumba, kwenye lile sinki kubwa la zege ambalo siku zile lilikuwa la kuwekea ndoo tu. Nikaondoa ndoo, nikafungulia maji ya baridi, nikarudi nyuma hadi kizingitini.

"Hodi."

Alikuwa amezamisha mikono hadi viwikoni, anapapasa ubavu wa sinki.

"Hodi, Mama."

Maji yalikuwa yanamiminika. Nikaiogopa hodi ya tatu, nikaibana kinywani.

"Garibu," akasema, bila kugeuka. "Shuka polepole. Ngazi zinateleza."