Herufi Kubwa za Hajati

Leo nimeitia kompyuta adabu!

Uongo. Yenyewe ndiyo imenitia mimi.

Mnalijua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, tunalowashia mashine ya kuchapisha hapa dukani, Old Kampala. Marehemu mke wangu, Hajati, alitaka herufi zake ziwe kubwa macho yalipoanza kumchoka. Likifunguka, linajaza kioo chote.

Asubuhi jirani yangu Mama Safia akanicheka: "Mzee, maandishi haya hata aliyeko kule Nateete anayasoma!"

Nami kwa kupenda sifa nikabonyeza, nikapunguza.

Kumbe nimebadilisha ukubwa wa madirisha yote, ya leo na ya kesho. Kila nikifungua, linatoka dogo kama stempu, herufi kama sisimizi.

Nambari ya ukubwa aliyoichagua Hajati siijui. Niliiona kila siku, sikuuliza.

Chekeni, jamani. Mimi leo nimeshindwa.

Musa, wewe unayezijua kompyuta, siku ya Idi nilikuchinjia mbuzi wako, bado hujanirudishia wema. Siku ile ya kuziweka, Hajati alisimama mlangoni, fundi akakuza herufi mpaka Hajati aliposema, "Basi, naona."

Njoo ubonyeze wewe. Mlangoni nitasimama mimi.