Sukari ya Jenoveva

Mwaka ule wa themanini na tatu, kilichomtisha Jenoveva kwanza hakikuwa kiu wala kukonda. Walikuwa sisimizi. Waliingia kwenye uzio wa mabua alimokuwa akiogea nyuma ya nyumba, wakajipanga pale alipojisaidia haja ndogo, na kesho yake wakarudi wengi zaidi. Alisimama na kata ya maji mkononi akiwatazama. Sisimizi wa namna hiyo aliwahi kuwaona mahali pamoja tu: kwa kaka yake Magige, kule Bunda, mwaka mmoja kabla kidonda cha mguu hakijamchukua.

Alikuwa mjane wa miaka arobaini na minne, fundi cherehani katika kijiji kimoja upande wa Butiama. Kaptura za wanafunzi wa kijiji kizima zilipita mikononi mwake, ijapokuwa siku hizo kitambaa kilikuwa adimu na kazi yake kubwa ilikuwa kutia kiraka juu ya kiraka. Habari za sisimizi hakumwambia mtu. Aliwamwagia majivu, akaendelea kukanyaga cherehani, akimaliza mtungi wa maji kabla jua halijafika utosini.

Jirani yake Dorkas ndiye aliyevunja ukimya.

"Mama Wegesa," alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama walivyozoea, "hilo gauni sasa linakuvaa wewe. Unaumwa nini?"

"Nilikuwaga nasema ni uchovu," alijibu Jenoveva, na machozi yakamtoka bila kuyaita.

Wakapanda lori la mihogo mpaka Musoma. Hospitalini, tabibu kijana aitwaye Florian alidondosha mkojo wa Jenoveva kwenye dawa ya buluu, akaichemsha juu ya moto wa spiriti. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, mwishowe ikatulia kwenye rangi ya tofali.

"Mama, una sukari," alisema.

"Sukari gani, Daktari? Sisi hatujaonja sukari tangu Krismasi."

Dorkas alicheka. Florian hakucheka. Alieleza taratibu kwamba sukari hiyo haikutoka dukani. Ni mwili wake ulioshindwa kukitumia chakula vizuri, sukari ikabaki imejaa kwenye damu. Ugonjwa huo hauponi, ila mtu huweza kuishi nao miaka mingi akiushika vizuri. Kidonge kimoja kila asubuhi, pamoja na uji usiotiwa kitu. Ugali wa ulezi kwa kiasi, mboga kwa wingi, asiruke mlo. Miguu aioshe na kuikagua kila jioni, asitembee peku hata uani. Mwisho akasema jambo lililomshangaza kuliko yote.

"Na utafute sukari kidogo, uiweke ndani."

"Si umesema inanidhuru?"

"Kidonge kinaweza kukuzidi nguvu, hasa ukichelewa kula. Utatetemeka, jasho baridi litakutoka, maneno yatakupotea. Hapo usingoje. Koroga kwenye maji, unywe. Ukichelewa unaweza kuzimia usiamke." Akamgeukia Dorkas. "Na wewe sikia vizuri, mama. Siku hiyo mwenzako hataweza kujisemea."

Njia nzima ya kurudi, Jenoveva hakuona mashamba wala watu. Aliyempa dawa alimpa na hofu yake pamoja.

Kuipata hiyo sukari ilikuwa kazi nyingine. Rafu za duka la kijiji zilikuwa tupu. Sukari ikija, ilikuja kwa foleni na kwa kibali. Baada ya majuma mawili alimshonea gauni mama mmoja aliyekuwa akienda Sirari, mpakani mwa Kenya, naye akamlipa kikombe kimoja cha sukari. Jenoveva hakuuliza imevukaje. Aliifunga kwenye kitambaa, akaisukuma chini kabisa ya sanduku, wala hakuigusa hata kwa ncha ya ulimi.

Huku nyuma, wanawake kisimani walikuwa wakimuuliza Dorkas kwa nini rafiki yake amekwisha vile. "Ana sukari," Dorkas akawajibu. Waliokuwa karibu walielewa. Waliosimama mbali walisikia jingine, kwamba ameficha sukari ndani, wakaenda nalo majumbani.

Kisha ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, walanguzi na waficha bidhaa. Redio ilitangaza kila siku nani kakamatwa na nini. Ilisemekana mjini watu walikuwa wakitupa vitenge na sabuni vichakani, wasikutwe navyo. Jenoveva alilitazama sanduku lake. Aitupe sukari? Na siku ya kutetemeka je? Aliitoa mara mbili, mara mbili akairudisha.

Walikuja asubuhi. Siku hiyo alikuwa ametangulia kumeza kidonge, uji bado unatokota jikoni. Mgambo walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa Clementi, ambaye kaptura yake ya darasa la kwanza aliishona yeye.

"Shikamoo, mama. Tumetumwa," alisema Clementi, akitazama chini.

Hawakuchukua muda kuupata ule mfundo wa kitambaa.

"Niacheni ninywe uji kwanza, wanangu. Nimeshameza dawa."

"Utakunywa ukirudi," alisema yule mwingine.

Ofisini walimkalisha kwenye benchi. Katibu wa kata, Bwana Machage, alikuwa ametoka kwenda mkutanoni, na aliporudi jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Akaweka sukari mezani mbele yake.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

Jenoveva alimwona moyoni yule mama wa Sirari na watoto wake watatu wadogo. Akageuza uso kwenye tangazo la ukutani.

"Nakuuliza kwa heshima. Imetoka wapi?"

Hapo vidole vikaanza kumcheza. Alivibana katikati ya magoti. Jasho likamshuka mgongoni, baridi kama maji ya mtungi. Herufi za tangazo ukutani zikaanza kutembea. Alijua kinachomjia, na dawa yake ilikuwa mbele ya macho yake, hatua mbili tu. Akataka kusema "nipeni," ulimi ukatoa neno jingine la utotoni, la Kizanaki, ambalo hakulikusudia.

"Anaigiza," alisema yule mgambo.

Dorkas aliingia akihema, khanga imemwanguka begani. Alikuwa amekuta mlango wa Jenoveva wazi na uji umeungua jikoni.

"Amekula huyu? Nauliza, amekula? Bwana Katibu, huyu ni mgonjwa wa sukari, mpeni hiyo upesi, anakufa!"

"Mgonjwa wa sukari umpe sukari?" Machage alishangaa. "Umesikia wapi?"

"Daktari aliniambia mimi, kwa masikio haya! Akaniambia hataweza kujisemea. Mtazame!"

Machage alimtazama. Macho ya Jenoveva yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakiona mtu. Katibu aligusa ule mfundo, akauacha, akaugusa tena.

"Fungua," alimwambia Clementi.

Clementi aliikoroga kwenye kikombe cha bati cha maji. Dorkas akamshika mwenziwe kidevu, akamnywesha funda moja moja. Nyingine ilimwagika kifuani. Wakangoja. Ikapita kama robo saa, jasho likaanza kukauka, Jenoveva akageuza shingo.

"Nani ameacha mlango wangu wazi?" aliuliza. "Kuku watamaliza ulezi."

Clementi aliangua kicheko, Dorkas akaangua kilio. Machage akaufunga mfundo uliobaki, akamwekea mkononi.

"Nenda ukale, mama," alisema. Hakuuliza tena imetoka wapi.

Njiani Dorkas alikiri ni yeye aliyesema kisimani. Jenoveva aliuhamishia mfundo mkono wa pili.

"Ulisema kweli. Ila siku nyingine umalizie: ugonjwa wa sukari."

Hofu haikuhama nyumba ile. Mwaka uliofuata vidonge vilikosekana miezi mitatu, akabaki na ulezi, mboga na kutembea kwa miguu mpaka mnadani na kurudi. Alikonda, lakini hakuanguka. Baadaye maduka yakafunguliwa, sukari ikarudi kwa magunia, na kwenye arusi soda ikamiminwa kama maji. Alipoikataa, wapo waliosema anaringa.

Mwaka wa tisini na mbili alikwenda Bunda, akakuta duka la mtu binafsi linalouza dawa. Muuzaji alimpa vidonge vya ugonjwa wa sukari, lakini jina la pakiti halikuwa lile alilolizoea, wala umbo halikuwa lile. Hakumeza. Alipanda basi mpaka Musoma, akamtafuta Florian, sasa mwenye mvi chache, akamwekea pakiti mezani.

Florian aliisoma pande zote. "Umefanya vizuri kuuliza. Hii ni ndugu ya ile ya kwanza, lakini ni kali zaidi. Uanze na nusu, na urudi Alhamisi tupime."

Asubuhi yake Jenoveva aliweka kidonge juu ya meza ya cherehani, akakikata kwa wembe wa kufumulia nyuzi. Nusu moja ilibaki. Nyingine iliruka ikapotelea sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, naye akapiga magoti, akaanza kuitafuta, kwani hiyo ndiyo ya kesho.