Makabati ya Chuma ya Alum Rock

Nyumba niliyonunua Northfield haikuwa na jiko la maana. Aliyekaa kabla yangu aling'oa makabati yote akaondoka nayo, akaniachia sinki na matundu ya skrubu ukutani. Nilikuwa muuguzi wa zamu za mchana, na jioni nilikatia vitunguu juu ya ubao wa kupigia pasi.

Tangazo nililiona kwenye simu: makabati sita ya chuma, ya zamani, bure kwa atakayekuja na gari. Jumamosi niliazima gari la mizigo la mwenzangu kazini, nikaenda Alum Rock, upande wa pili wa jiji.

Mlango ulifunguliwa na mzee wa Kisikh mwenye kilemba cha buluu. Nilikuwa namalizia kumwambia dada yangu kwa simu kwamba nimefika, na mzee akasikia Kiswahili changu.

"Kumbe mtu ya Kenya! Kuja ndani, mama. Mimi nimezaliwa Kisumu."

Makabati yalikuwa uani, chini ya turubai. Ndani, mafundi walikuwa wamemaliza kufunga jiko jipya, jeupe tupu, milango ya makabati yake haina vishikio. Unaibonyeza ndipo ifunguke. Mwanawe ndiye aliyelinunua. Mke wa mzee alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, bado yuko hospitalini, na jiko lile lilikuwa la kumpokea.

"Yeye anajua?" nikauliza.

"Hapana. Ni sapraizi."

Nikatoka uani. Mwanawe akanisaidia kupakia.

Kazi niliifanyia gerejini, wikendi sita. Rangi ilikuwa tabaka nne, ya juu kabisa rangi ya maziwa. Rangi za zamani huwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake ni sumu, kwa hiyo sikuikwangua ikiwa kavu. Nilivaa barakoa na glavu, nikapaka dawa ya kuondolea rangi, nikafunika kwa plastiki na kungoja mpaka ilegee na kukunjamana. Chini yake chuma kilikuwa kizito na kizima, ila miguuni kutu ilikuwa imeanza kula. Bawaba nilizichemsha kwenye sufuria kuukuu.

Kabati moja lilikuwa na droo ya bati ya kuwekea unga. Pembeni mwa droo unga wa chapati ulikuwa umegandamana, nikautoa kwa ncha ya kijiko. Hilo ndilo nililolihangaikia kuliko yote. Binti yangu, aliyezaliwa huku ughaibuni, alinitazama kidogo, akasema kwa Kiingereza kwamba siku hizi makabati yanaletwa mpaka mlangoni, akarudi ndani.

Nilipaka praima, rangi ya kwanza ya kushikilia, kisha kijani mara mbili. Lile la unga lilikuwa la mwisho. Nilikuwa nimetoka tu kulipaka mzee aliponipigia.

"Mama, iko shida."

Mkewe alikuwa amerudi. Alisimama jikoni na fremu yake ya kutembelea, akabonyeza milango miwili mitatu, kisha akauliza makabati yake yako wapi. Tangu alipojibiwa hakuwa amemsemesha mumewe wala mwanawe. Hapiki.

"Anataka ile ya unga tu," mzee akasema.

Niliudhika, sitaficha. Nikamwambia rangi inahitaji siku nne kukauka, na hilo lilikuwa kweli. Siku ya nne nikamwambia mbili zaidi, na hilo halikuwa kweli. Siku ya sita nikalipeleka.

Mkewe, yule mama mwenyewe, alikuwa mfupi, amejifunga shali. Aligusa rangi ya kabati kwa kidole.

"Nani alikwambia kijani?"

"Sikumuuliza mtu, mama. Nilijua ni langu."

"Ilikuwa yako. Ni mimi sikuulizwa."

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na bisibisi mkononi.

Mama akavuta droo, akanusa ndani, akaifunga, akaivuta tena. "Zamani ilikuwa inagoma hapa."

"Nimepaka nta kwenye reli."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwambia mumewe, kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, "Leta unga." Mzee akaenda karibu mbio.

Mwanawe alikuwa ameshang'oa kabati jipya moja karibu na dirisha. Nafasi ilizidi kwa kiganja kimoja, lakini tulilisukuma lile la kijani likakaa katikati ya yale meupe. Mama akamimina unga, akasawazisha kwa mkono, akaniuliza yale matano yako wapi. Nikamweleza. Hakuyadai. Akaniambia tu la juu, lenye vioo, mlango wake hufunguka wenyewe, nisiweke vikombe.

Nilikunywa chai upesi kwa sababu siku hiyo zamu yangu ilichelewa kuanza, saa nane mchana. Mahali pa kabati lile, jikoni kwangu, niliweka pipa la taka. Kwa miezi kadhaa nilitafuta jingine la kufanana nalo, kisha nikaacha.