Tai Juu ya Kaburi

Tai hasubiri sungura afe ndipo amle. Anaanza kula, na sungura anakufa huku analiwa. Nilikuwa naona hayo mara kwa mara kwenye mashamba ya ngano ya serikali, huko tambarare za Hanang, nilikokuwa fundi wa trekta, na nilikuwa na hamu moja tu: kuyapiga picha kwa karibu. Kamera niliachiwa na mtaalamu mmoja wa kigeni aliporudi kwao. Wenzangu walisema nimechanganyikiwa. Kwetu, kijiji cha Daudi huko milimani, tai alibeba kuku wa mama na sisi tukamrushia mawe. Huku chini nilimpenda kama watu wanavyompenda bondia.

Tai wangu alikuwa na mahali pake pa kulia, kilima cha udongo kilichosimama katikati ya mabua. Lilikuwa kaburi. Wafugaji wa huku akifa mtu mkubwa humjengea kaburi refu kuliko mtu, na ndugu wanalipandisha taratibu, miezi na miezi. Shamba lilikuwa limelizunguka pande zote, na hapakuwa na kitu kingine kirefu cha ndege kutua. Nikachimba shimo karibu yake, nikaingia, nikajifunika mabua.

Badala ya tai alikuja mtoto wa marehemu, mwanamume wa makamo mwenye fimbo. Aliona shimo na udongo mbichi. Nilipotoa kichwa nikasema "Shikamoo," hakuitikia. Fimbo ya kwanza ilinipata shingoni, ya pili ikanipasua sikio.

"We! Unamfukua mzee wangu!"

"Hapana, napiga picha ndege! Ndege!"

Alinivuta nje kwa ukosi wa shati, kamera ikaangukia mavumbini. Nilikuwa nimewaka. Ningekuwa na spana mkononi, yeye naye angetoka damu. Aliiokota kamera, akaigeuza, akanitazama sikio, akanirudishia.

"Leo trekta inakuja kumlima," alisema. "Nimeambiwa jana. Mpige picha mzee kabla hawajafika. Watoto wangu waone babu yao alilala wapi."

Hasira ilinitoka pale pale, nikaona aibu kwa niaba ya shamba zima. Nilikuwa bado nafuta mchanga kwenye lenzi trekta ilipotokea, walinzi wenye marungu wamekaa kwenye madigadi. Yule bwana akapanda juu ya kaburi. Hawakumuuliza kitu. Rungu la goti lilimwangusha, la mdomo likamnyamazisha, wakamburuta kando na mmoja akamkalia mgongoni. Haro ikaingia, zile sahani za chuma za kupasulia ardhi, na udongo uliopandishwa kwa mikono ya ukoo mzima ukaporomoka mara moja.

"Piga!" alinipigia kelele, mdomo umejaa damu. "Piga sasa!"

Nikainua kamera. Ndani ya kaburi walikuwa wanaishi panya, na sahani zilipowafumua walitawanyika kila upande. Tai akashuka. Nilikuwa nimemwelekea marehemu, nasema kweli, lakini mikono yangu ilikuwa imezoea kumfuata ndege, ikamfuata. Nikabonyeza. Kabla sijapiga ya pili, teke la mlinzi lilinilaza chini, ingawa alikuwa anajua vizuri kwamba mimi ni mfanyakazi mwenzake.

Picha iliposafishwa mjini ikatoka nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Mabawa yamejaa, kucha zimezama kwenye panya, panya yuko hai bado. Niliichukia na niliipenda.

Yule bwana alikuja kuifuata, anachechemea, meno ya mbele hayapo. Nilimpa. Aliitazama sana.

"Mzee yuko wapi?"

Nikamwonyesha, chini ya kucha, udongo mweusi kidogo.

Sikutegemea kwamba angeichukua. Aliishika kwa mikono miwili, akaweka kidole gumba juu ya tai, akamfunika mpaka ukabaki udongo peke yake, akaondoka akiitazama hivyo.