Watoto wa Jalalani

Siku moja, mwanangu, hainitoki kichwani hata nizeeke vipi: siku niliyosimama mbele ya Muzungu wa serikali, ukingoni mwa kisiwa kidogo karibu na Nyangwe, nikamtajia jina langu la nyumbani. Wewe hulijui jina hilo. Hapa Kasongo wote mnaniita Mama Veronika. Subiri, utalijua, haraka haraka haina baraka, na mimi leo sina pa kwenda.

Enzi hizo Wabelgiji ndio walioshika nchi, na mimi nilikuwa msichana niliyetoka shule ya watawa, mwandiko umenyooka na shingo imenyooka zaidi. Serikali ilikuwa imefungua biro ya kuhesabu watu, chumba kimoja nyuma ya ofisi ya teritware, yaani wilaya, chenye meza mbili na kabati ambalo mchwa walilianza kabla yetu. Mkubwa wetu alikuwa Bwana Ajenti, Mbelgiji mrefu aliyependa kila kitu kiwe kwenye mstari. Karani wake alikuwa Anselmi, kijana wa Kabambare, mcheshi wa kutosha na mwoga kuliko ucheshi wake.

Biro haikutaka kujua idadi ya vichwa tu. Ilitaka kujua kila mama amezaa wangapi, na wangapi wako hai. Hapo makarani wanaume wakakwama. Mwanamke gani wa kwetu atamweleza mwanamume asiye ndugu yake habari za uzazi wake? Walirudi na karatasi nyeupe kama walivyoondoka nazo. Ndipo Bwana Ajenti akaenda kuwaomba watawa wampe msichana anayejua kuandika, nao wakanitoa mimi. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kushika kalamu katika biro ile, na sioni haya kujisifu. Jasho lilikuwa langu.

Usidhani ilikuwa kazi ya kukaa kitini. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tulikwenda Wamaza kwa miguu, mvua ikitunyeshea, nami karatasi nimeziviringisha katika kitenge changu cha akiba. Afadhali nilowe mimi. Vijiji vingine tulikuta moto jikoni na watu hakuna, wote wamekimbilia porini, maana kwao hesabu na kodi ni mapacha. Ukimuuliza mzee umri wake, anakwambia alizaliwa mwaka wa nzige, nawe kaa chini umtafute nzige huyo alipita lini. Nilisikia makarani wa kwingine walihesabu kijiji kizima wakiwa wamekaa na kibuyu cha pombe, na namba zao zilipendeza kuliko zetu. Sisi hatukufanya hivyo. Njia ikikatika, tulingoja maji yapungue, tukaendelea. Biro yetu ilikuwa maskini, lakini haikusema uongo.

Basi tukafika kisiwani. Kisiwa chenyewe kidogo, watu wake wavuvi, na hakikuwahi kuhesabiwa, kwa sababu kila karani alipoona mkondo wa Lualaba pale alikumbuka ana shughuli nyingine. Tulivuka kwa mtumbwi, sisi pamoja na Bwana Ajenti na polisi wake. Anselmi alifumba macho njia nzima, akiwaomba watakatifu wa wamisioni, na alipowamaliza nadhani aliomba hata wa Waislamu wa Nyangwe.

Nilianza kazi asubuhi, nyumba kwa nyumba. Nikafika kwa mwanamke mmoja aitwaye Mwavita, anakausha samaki juu ya moshi. Pembeni yake mtoto wa kiume wa miaka kama sita, uso ni ule ule wa Mwavita, hata mwanya wa meno ni ule ule.

"Mama Mwavita, uko na watoto wangapi?"

"Siko na mutoto."

"Na huyu?"

"Huyu? Huyu ni Takataka. Si wangu. Waliokota ye ku jalala."

Mtoto hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kula samaki wake. Nikaandika kama nilivyoagizwa: mama, hana mtoto; mtoto, hana mama. Nyumba ya pili mambo yakawa vivyo hivyo, na nyingine tena. Kufikia mchana nilikuwa na watoto kadhaa ambao hawakuzaliwa na mtu.

Nikaenda kwa yule aliyesemekana kumwokota Takataka, Bibi Kalunga, mkunga wa kisiwa, kizee kikavu chenye macho makali. Nikamuuliza kama mtoto ni wake. Akanitazama mimi, akaitazama kalamu, akanitazama tena.

"Weye jina lako nani?"

"Veronika, Bibi."

"Ile ni ya ku kanisa. Mama yako alikuita nani?"

Jina hilo nilikuwa nimeliacha kwenye mlango wa shule, mwanangu, na nilifurahi kuliacha. Lakini macho ya kizee yule hayakubanduka. Nikasema polepole, "Mutupeni."

Bibi Kalunga akacheka mpaka akakohoa. Halafu kicheko kikakatika.

"Mutupeni! Basi njo unajua! Weye mwenyewe ulitupwa, na unakuja kuuliza kama Muzungu? Mutu iko na kidonda, weye unaweka kidole ndani, unasema, inauma wapi? Watawa walikufundisha kuandika. Kuuliza watu, nani atakufundisha?"

Maneno hayo yaliniingia hadi kwenye mifupa, kwa sababu yalikuwa kweli. Ngoja nikueleze, maana ninyi vijana wa leo mmezaliwa hospitali. Kwetu, mwanamke akizaa watoto wakafa, wa kwanza, wa pili, wa tatu, yule anayefuata hapokelewi kwa shangwe. Shangwe ndiyo inayokiita kifo. Ndugu wa mama anambeba mtoto mchanga, anamlaza juu ya jalala, na mkunga anapita kama asiyejua, anamwokota na kumpeleka kwa mama yake: "Nimeokota kitu hiki, unataka?" Mama anatoa kuku au kapu la muhogo, anakichukua kama mtu anunuaye chungu kilichopasuka. Anakipa jina baya. Na toka siku hiyo hatasema kamwe kwamba ni mtoto wake, ili kifo kikisikia kipite, kione hapa hamna kitu cha thamani. Ndivyo nilivyolelewa mimi huko Wamaza. Mama yangu alinipa kila alichokuwa nacho, ila neno moja hakunipa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Nilirudi ukingoni nikiwa na nia ya kumweleza Bwana Ajenti. Nilichelewa. Anselmi alikuwa amekwisha mpa karatasi nilizomwachia mchana, na Bwana Ajenti alikwisha zisoma, na mstari wake ulikuwa umepinda. Watoto wasio na mama, alisema, ama wameibwa ng'ambo ama wametupwa. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaonea huruma kwa dhati, na huruma ya mkubwa asiyejua ni mzigo kwa mdogo. Akatoa amri watoto wote wa jalalani wapakiwe kwenye mtumbwi, wapelekwe kulelewa na wamisioni Kasongo.

"Hawana mama," alisema kwa Kiswahili chake. "Serikali itakuwa mama yao."

Polisi wakaenda kuwaleta. Watoto wakaja wakikimbia na kucheka, walidhani wanapelekwa kutembea. Nyuma yao wakaja wanawake. Mwavita alikuwa mbele, mikono bado inanuka samaki. Bwana Ajenti akamshika Takataka bega, akamuuliza Mwavita mara ya mwisho: "Huyu ni mutoto wako? Sema ndiyo, atabaki."

Nilimwona Mwavita akifungua mdomo. Akaufunga. Akisema ndiyo, kifo kitamsikia, na huyu atafuata wenziwe waliozikwa. Akisema hapana, mtumbwi utamchukua. Alimtazama mtoto kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua, kisha akasema kwa sauti isiyosikika vizuri, "Si wangu." Akakaa mchangani.

Mtoto mwenyewe hapo ndipo alipoacha kucheka.

Nikapiga hatua. Anselmi akanivuta kitambaa: "Dada, nyamaza. Watakufukuza kazi." Nikamwambia aniachie au abaki na kitambaa. Nikasimama mbele ya Bwana Ajenti.

"Bwana, kama ni hivyo, unipakie na mimi."

"Unasema nini, Veronika?"

"Veronika ni jina la ubatizo. Nyumbani naitwa Mutupeni. Niliokotwa jalalani Wamaza. Mwende mkamuulize mama yangu kama ana mtoto, atawaambia hana. Na ni yeye aliyeuza mbuzi wake wa pekee ili mimi nipate nguo ya shule, na kalamu hii unayoniona nayo."

Nikamweleza desturi yote, kuanzia jalala hadi jina. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo: alisema hakujua. Lakini mkaidi ni mkaidi. Akaitikisa ile karatasi.

"Hapa wanauliza mama ni nani. Nitaandika nini? Siwezi kuandika jalala."

Nikamwambia, "Bwana, mtu akishindwa kujibu, pengine kosa ni la swali. Niruhusu niulize langu."

Nikaketi mchangani karibu na Mwavita. Sikushika kalamu. Sikumnyooshea mtoto kidole. Nikamwambia kwanza jina langu, lile la nyumbani, na nikaona macho yake yanabadilika. Ndipo nikauliza, "Mama, huyu aliyeokotwa, alinyonya kwa nani?"

Mwavita akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Alinyonya kwangu," Mwavita akajibu. Kisha akaongeza haraka, kwa yeyote anayesikiliza hewani, "Lakini si wangu!"

"Si wako, Mama. Tumesikia."

Bwana Ajenti akaangalia karatasi, akamwangalia mtoto mwenye mwanya, akamwangalia mama mwenye mwanya. Akaandika. Polisi wakaachia watoto mikono. Takataka alikimbia moja kwa moja, akajitupa kwenye mapaja ya yule asiye mama yake, naye akamfokea kuwa anamchafua, huku amemkumbatia mpaka mtoto akalia anaumia.

Wanawake wengine wakasogea, mmoja mmoja. "Na huyu alinyonya kwangu." "Na huyu kwangu." Halafu likaja jambo nisilolitarajia. Mwavita akanishika mkono, akaniambia chini chini, "Kuna wengine walinyonya. Hawako tena." Akawataja kwa majina yao, majina mazuri waliyopewa kabla mama yao hajajifunza kuogopa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mwenye kovu usidhani kapoa. Alikuwa akingoja tu mtu wa kumwambia. Siku ile wanawake wa kisiwa walitueleza yale ambayo biro ilikuwa ikiyatafuta teritware nzima bila kuyapata, na Bibi Kalunga alikaa kando akitikisa kichwa kana kwamba yeye ndiye mkubwa wa ofisi. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Karatasi zile zilipofika kwa wakubwa, hata mashua ya muganga wa serikali ikaanza kusimama pale, kwa maana watu waliona ni watoto wangapi wanaopotea kwa uchafu wa maji na homa.

Swali langu lilitumika baadaye hadi vijiji vya Kabambare. Bwana Ajenti aliliandika kwa mkono wake juu ya karatasi mpya. Na chini, mahali pa jina la aliyeuliza, mimi niliacha kuandika Veronika. Niliandika Mutupeni, kwa herufi kubwa. Anselmi alisema jina hilo linatia aibu biro. Nikamwambia aibu ni kufumba macho mtumbwini.

Miaka ikapita. Mama yangu akaugua, nikaitwa Wamaza. Nilimkuta amebaki mifupa, lakini akili yote ipo. Akaniangalia muda mrefu, akaniuliza kama mlango umefungwa. Nikaufunga. Akasema, "Sasa miye njo naenda mbele. Kifo kimekuja juu yangu, hakiwezi tena kukuona weye." Akanivuta karibu, kinywa chake sikioni kwangu, akaniambia neno alilolificha maisha yangu yote.

"Mwanangu."

Mara moja tu. Kulipokucha hakuwepo. Nimepewa sifa na wakubwa, nimepewa saa ya mkononi na serikali, lakini neno hilo ndilo mshahara wangu.

Basi sikiliza, wewe unayeondoka kesho kwenda kuandika watu kijijini na hiyo mashine yako ndogo. Usimuulize mtu swali ambalo wewe mwenyewe usingeweza kulijibu mbele ya mama yako. Akikwambia jambo lisiloeleweka, usikimbilie kusema ni mwongo. Kaa chini, mchangani ikibidi, utafute anachokilinda. Usijaze namba usizoziona, hata mkubwa akikuharakisha, maana nyuma ya kila moja kuna mtu aliyenyonya mahali. Na jina ulilopewa na waliokupenda, usilione haya, hata likiwa baya. Huenda ndilo lililokuvusha.

Mungu akufungulie njia na milango ya watu. Mito uikute imepungua, na wenye nyumba uwakute wana moyo wa kusema. Uende salama, urudi salama. Na kila ninapokuita mwanangu, usidhani ni mazoea ya vizee. Mimi najua bei ya neno hilo, na nimekupa.