Besi ya Dada Ina Mdomo

Wanaosema dada yangu ni mpole hawajamsikia akipiga gitaa la besi. Kwenye cherehani ni mpole kweli: pini amezibana midomoni, mteja analalamika weee, yeye anaitikia kwa kichwa tu. Lakini mpe besi uone. Kila noti anayoigusa anaiimba, "du-ba, du-ba-di", kwa sauti nene mpaka unadhani kuna mwanamume amejificha nyuma ya spika. Alijifunza hivyo kabla hajawa na gitaa, akiimba besi za kwenye redio huku anapiga pasi nguo za watu. Mkono na mdomo vikazoeana, basi tena.

Tulikuwa bendi ya watu wanne. Tulipiga jazi tuliyoichanganya na roki, muziki ambao majirani waliuita fujo, na mimi mpiga kinanda sijawasamehe hadi leo. Hatimaye tukapata studio ya kurekodi santuri yetu ya kwanza. Nilivaa suti. Aliyeishona ni dada, kwa hiyo ilinikaa sawasawa.

Hatukumaliza hata wimbo mmoja. Mwenye studio alitoka kwenye chumba chake cha vioo, uso ameukunja.

"Nani anaimba?"

"Samahani, kaka. Ni mimi," dada akasema.

"Huu ni muziki wa vyombo vitupu, dada yangu. Funga mdomo, la sivyo namwita mpiga besi wangu. Yuko hapo nje."

Nilitaka kumpa vidonge vyake, dada akanikanyaga mguu. Akafungua mkoba, akatoa pini, akazibana midomoni kama yuko kazini. Tukaanza upya. Hakukosea noti hata moja, lakini besi ilikuwa imepoa kama chai ya jana. Nikaona machozi yanamlenga, moyo ukaniuma. Miaka yote ile ya kushonea watu nguo ili anunue gitaa, halafu santuri itoke bila yeye!

Tulipofika pale wimbo unapohama kutoka mapigo manne kwenda saba, mpiga dramu akapotea. Tukarudia, akapotea tena.

"Una nini leo?" nikamfokea.

"Simsikii dada," akasema. "Pale kwenye saba mimi huwa naufuata mdomo wake."

Kumbe hata mimi, niliyejiita kiongozi wa bendi, nilikuwa nikifanya vivyo hivyo bila kujua.

Mwenye studio akamwita mtu wake. Alikuwa bwana mstaarabu, mwenye vidole vyepesi ajabu, sitamnyima haki yake. Tulienda naye vizuri hadi kwenye saba, tukaanguka wote kwa pamoja. Akalivua gitaa taratibu, akamrudishia dada.

"Bosi, hawa hawatembei bila mama huyu," akasema. "Mwache aimbe."

Mwenye studio alishusha pumzi. Kisha akabeba maikrofoni nyingine kwa mkono wake mwenyewe, akaisimamisha mbele ya mdomo wa dada. "Haya, kama ni kelele, basi zisikike vizuri."

Dada akazitoa pini. Wimbo tuliupiga mwanzo hadi mwisho bila kusimama, na ndio huo uliomo kwenye santuri. Nilijivuna siku ile, na bado najivuna, mwenye kukereka na akereke.

Mwaka juzi nilimpeleka dada kwenye onyesho la bendi moja ya vijana. Hatukujua kama watapiga wimbo wetu, wakaupiga. Besi ilishikwa na binti mmoja mwembamba, naye akawa anaimba kila noti, "du-ba, du-ba-di", kwa sauti nene kuliko mwili wake. Wakaingia kwenye saba bila kuyumba, na katikati yake yule binti akakohoa. Nikadhani ana mafua.

Dada akanishika mkono kwa nguvu.

"Hapo ndipo nilipokohoa mimi kwenye santuri," akasema.