Wote Waliingia kwa Jina Langu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, direkta, mkuu wetu wa kazi, aliponiita mbele ya biro yote akaniuliza kwa nini nimefuta oda ya dawa za kisiwa cha Idjwi. Hata leo sijaisahau.

Wakati ule nchi yetu ya Kongo ilikuwa ingali inaitwa Zaïre, nami nilikuwa sekretere kwenye depo, ghala la dawa, hapa Bukavu. Ordinateri zetu, yaani kompyuta, ziliunganishwa kwa waya, na kazi ya wote ikawekwa katika dosie moja, faili la pamoja. Tonton Bahati, fundi wa mashine, alikuwa amempangia kila mmoja haki yake: watu wa stoki, watunza dawa, wabadilishe mambo ya stoki, wa hesabu wasome tu. Jina langu peke yake ndilo lililofungua yote, kwa kuwa oda zote zilipitia kwangu. Basi ikawa kila saa, "Maman Neema, hii kitu inanikatalia, unifungulie kidogo." Nikachoka. Nikawapa neno langu la siri wote, hata dereva.

Tonton alipojua, alikasirika kweli.

"Neema, mashini haijue sura ya mutu. Inajua jina tu. Uniambie nani anakosa nini, nitamupatia yake, kwa jina yake."

"Ah, Tonton! Hapa tuko ndugu. Unataka kutugawanya?"

"Haya. Siku ya mambo utaona hao ndugu."

Haikukawia. Mtu aliingia kwa jina langu akaifuta ile oda, mashua ikaenda Idjwi bila kinini, dawa ya malaria, na kule watoto walikuwa wanatetemeka kwa homa hiyo. Mashine ilipoulizwa, ikamtaja Neema. Nikawageukia wenzangu. Huyu anafunga kiatu, yule anatafuta kalamu. Watu niliokula nao bugali sahani moja! Nilifukuzwa siku ileile, na kanisani mama mmoja wa Idjwi akakataa mkono wangu.

Sasa wewe umepewa kusimamia mashine za watu wengi kazini. Usiwe na huruma ya kijinga kama yangu. Kila mtu aingie kwa jina lake, na ndani ya dosie mpe kile tu ambacho kazi yake inataka. Akihama kazi, kiondoe siku hiyohiyo. Watanuna. Waache wanune. Wale wenzangu bado tunapishana sokoni, wananiamkia vizuri tu, na mimi kuwasamehe nimeshindwa, nakwambia ukweli.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe watu ambao wakiulizwa "nani?", wanajibu "mimi".